Kithembe: maalim wa chuoni au mtaalamu wa matamshi?

Mtoto akisema “thukari” badala ya “sukari”, wengi wetu Unguja na Pemba tunacheka, tunamwachia maalim wa chuo cha Kurani. Si vibaya. Maalim anajua makharij, yaani mahali kila herufi ya Kiarabu inapotamkiwa: kwenye herufi the ncha ya ulimi hutokeza kati ya meno, kwenye sini hurudi ndani. Hurudia kila siku, na ada yake haimwumizi mzazi. Kithembe hiki cha ulimi kutokeza, watoto wengi hukiacha wenyewe wakifika miaka 4 na nusu au 5, kwa hiyo chuo chatosha.

Ila maalim ana watoto chungu nzima, na mwenye haya huificha sauti yake ndani ya za wenzake. Mtaalamu hukaa na mmoja: huhakikisha anasikia vizuri, kisha humpa “ssss” peke yake mbele ya kioo, halafu “sa, si, su”, halafu “samaki”, sentensi baadaye. Kithembe cha pembeni, pumzi ikipita mashavuni kwa mlio wa mate, kwa kawaida hakiondoki chenyewe. Huyo mpelekeni mapema. Shida ni kumpata mtaalamu. Wa Pemba huenda akalazimika kupanda boti, na bila mazoezi ya nyumbani nauli hiyo imekwenda bure.

Mtu mzima? Kwa mtaalamu, ningesema mimi. Ukubwani hurekebika pia, ingawa ulimi umeshazoea. Na kama hakimkeri, mwacheni nacho.

Aliyeng'oka meno ya mbele ana miaka 6 au 7, ngojeni kwanza yaote.