Laptopu kuukuu ya seva ya nyumbani: kagua betri kabla ya prosesa

Malalamiko ya wasomaji yanafanana mno. Laptopu ya mtumba imewekewa Debian (mfumo endeshi wa Linux), ikasukumwa nyuma ya ruta, ikafanya kazi vizuri miezi kadhaa, kisha siku moja padi ya kugusa haibonyezeki na mfuniko wa chini umeachana na kingo. Hapo betri imevimba. Miongozo mingi hubishana juu ya RAM na kulipita jambo hili kana kwamba halipo. RAM ya GB 8 inatosha kwa mafaili, Jellyfin (programu ya kurushia filamu na muziki wako nyumbani) na huduma nyingine mbili tatu, na sitaongeza neno hapo.

Seva haichomolewi kwenye umeme. Betri inayokaa asilimia 100 usiku na mchana, kila seli ikiwa kwenye volti 4.2 na joto la prosesa likiipiga, huharibika taratibu: kimiminika kilichomo huvunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, mashine inakubali kuamriwa isichaji zaidi ya asilimia 60? Kuitoa betri kabisa hakumalizi tatizo. Umeme ukikatika hata sekunde moja, seva huzimika ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski, na zipo laptopu ambazo hupunguza kasi ya prosesa zikikosa betri.

Ndiyo maana sifichi upendeleo wangu: namba moja ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina betri mbili, ya ndani ya Wh 24 (saa-wati, kipimo cha nishati) na ya nje ambayo huchomoka kwa kusukuma vibanio viwili, bila bisibisi. Sakinisha TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme wa laptopu, fungua /etc/tlp.conf, andika START_CHARGE_THRESH_BAT0=55 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=60, rudia mistari hiyo kwa BAT1, kisha endesha "sudo tlp start". Ukiwa na betri ya nje ya Wh 48 iliyo nzima, asilimia 60 ya Wh 72 ni kama Wh 43. Seva inayokula wati 10 itavumilia giza kwa saa nne hivi. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, nje ya mfumo endeshi), ndani ya Config kisha Power, washa "Power On with AC Attach" ili ijiwashe yenyewe umeme ukirudi baada ya betri kuisha. Tundu la kebo ya mtandao lipo, na nafasi za RAM ni mbili.

T470 ina mpangilio huohuo wa betri, lakini prosesa zake nyingi ni za viini viwili (cores), wakati i5-8250U ya T480 ina vinne. Jihadhari na T480s: herufi hiyo moja inakuondolea betri ya nje, na sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi.

Nafasi ya pili ni Dell Latitude 5490. Kikomo cha chaji unakiweka ndani ya BIOS yenyewe, hivyo hakitegemei mfumo utakaosakinisha: chagua Custom, anza 50, ishia 55. Ina pia "Wake on AC". Udhaifu wake ni chaja. Kipini chembamba cha katikati ndicho kinachoitambulisha chaja kwa mashine. Kikivunjika, betri haichaji na prosesa hushuka kasi, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye programu.

HP EliteBook 840 G5 ni ya tatu. BIOS yake hukuachia "Maximize my battery health", inayosimamia karibu na asilimia 80, wala huwezi kuchagua namba yako. Afadhali kuliko 100, lakini si 60.

Za bei ya chini kabisa zenye eMMC (hifadhi ndogo badala ya diski) ya GB 32 iliyochomelewa, ziache.

Sasa wauzaji. Kuandika "i7" bila kutaja kizazi ni kumpotosha mnunuzi, maana i7-7500U ina viini viwili na i5-8250U ina vinne. Kusema "betri nzima" kwa sababu tu mashine imewaka bila chaja nako hakukubaliki. Nenda na flashi yenye Ubuntu, iwashe mashine kutoka humo, endesha "upower -d", ulinganishe energy-full (uwezo wa betri sasa) na energy-full-design (uwezo wake ilipokuwa mpya). Chini ya asilimia 60, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei. Ilaze juu ya kioo: ikiyumba, mgongo umeshavimba. Kisha ingia BIOS mbele ya muuzaji (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP). ThinkPad ikidai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji haijui, irudishe mikononi mwake. Kwenye hizi mashine kuchomoa betri ndogo ya CMOS (inayotunza saa na mipangilio ya bodi) hakuifuti nywila hiyo, wala usikubali kuambiwa fundi ataitoa kesho.

Ukishafika nayo nyumbani, weka HandleLidSwitch=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf na uwashe seva upya, vinginevyo italala ukifunga skrini. Isimamishe kwa ubavu, matundu ya feni yakiwa wazi. Kila mwezi pitisha kidole kwenye kingo za mfuniko wa chini na ubonyeze padi ya kugusa. Ikigoma kubonyezeka, zima, chomoa umeme, toa betri. Usiitoboe kupunguza gesi, usiikandamize irudi umbo lake, na usiitupe na taka za kawaida: ipeleke wanakopokea betri za lithiamu.