RF 28mm au RF 35mm? Nimetembea nazo zote Mji Mkongwe

Naulizwa sana hili swali kwa hiyo leo naandika kwa urefu kidogo. Kamera yangu ni Canon RP, fulu fremu (yenye sensa kubwa) ile ya umbo dogo, na nilikuwa natafuta lenzi moja tu isiyo na zumu ya kukaa nayo kila siku, yaani natoka kwenda Darajani ninayo, naenda kumsalimia bibi ninayo. Zilizonichanganya ni mbili, RF 28mm f/2.8 ya 2023 na RF 35mm f/1.8 ya 2018 (RF ni aina ya lenzi za Canon zinazoingia kamera hii, namba ya mm ikiwa ndogo lenzi inaona eneo pana zaidi, na ya f ikiwa ndogo inaingiza mwanga zaidi). RF 16mm nayo niliazima, nyepesi na bei yake nzuri, ila kwa watu hapana, mtu akikaa pembeni ya picha kichwa kinavutika kama papai.

Nilianza na 35 na jamani ile lenzi tamu. Kwa f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, halafu ina stabilaiza yake ndani ambayo RP yenyewe haina (lakini stabilaiza inatuliza mkono wako tu, mtu anayetembea haimsimamishi). Forodhani usiku, jamaa anatandaza unga wa zanzibar pizza, taa yenyewe moja na moshi wa mishkaki unapita mbele, hapo kwa shata ya sekunde 1/125 ile 28 inanipeleka ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga, ikipanda picha inatoka na chengachenga) wakati 35 nabaki kwenye 2500 hivi, na ngozi zetu nyeusi zinatoka na rangi yake kamili, hakuna chengachenga kwenye mashavu. Tena inasogea karibu mpaka sentimita 17, nilipiga hina ya dada yangu kabla hajaibandua, ule uji uliokauka unaona kila ufa.

Shida ni vichochoro. Kuna mlango mmoja wa kuchonga naupenda sana, nikasimama na 35 nikarudi nyuma, nikarudi, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa nyumba ya pili na bado kizingiti kimekatwa. Kesho yake nikaja na 28, pale pale, kamera nimeisimamisha wima, mlango wote ukaingia na misumari yake ya shaba na paka aliyelala barazani. Hapo ndo nilielewa, swali sio lenzi ipi kali, swali ni wewe kila siku unasimama umbali gani na unachokipiga.

Na uzito jamani! 28 ni gramu 120, 35 ni 305, na ile 28 urefu wake haufiki hata sentimita 2.5 kwa hiyo kamera naining'iniza begani nusu siku nzima nasahau kama ipo. Watu nao hawashtuki. Jaws Corner nilimwambia mzee mmoja, shkamoo babu, naomba nikupige picha, akajibu marahaba mjukuu wangu, piga, lakini kahawa kwanza. Nikanywa vikombe viwili, nikapiga akiwa anamimina, yeye na dele lake na wenzake wote waliokaa nyuma, kwa 35 hao wa nyuma nusu yao wangebaki nje.

28 haina stabilaiza na kava la jua halimo kwenye boksi. 35 mota yake inasikika kwenye video ukiwa sehemu tulivu. Zote mbili hazijazibwa kuzuia maji kwa hiyo ukiwa kwenye boti funika. Marekani zilitoka kwa dola 299 na 499, huku kwetu utaongeza.

Wanaonunua mtumba, hili nawaomba mlishike maana limeniuma. Ile 35 yangu niliichukua duka moja ikiwa inang'aa nje kama mpya, kufika nyumbani nimemulika tochi ya simu kwa nyuma naona nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui, fangasi hao, na joto na unyevu wa pwani yetu unawalea vizuri tu. Wiki tatu nafuatilia hela yangu. Mulika pale pale dukani, kabla hujatoa pesa, na ukishanunua iweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu.

Pesa iliporudi nikachukua 28, mpya, na ndo ipo kwenye kamera mpaka sasa. Wewe kama picha zako ni za usiku, harusi, watoto ndani ya nyumba, chukua 35 wala usijiulize mara mbili. Mimi siku za harusi naiazima kwa rafiki yangu, asubuhi naenda kumrudishia.