Keki naipa nyota tano, peji yake naipa moja na nusu

Jina la huyu dada silitaji, kwanza keki yake naipenda na nitaagiza tena, halafu haya anayoyafanya mtandaoni wauza keki kibao wa Dar wanayafanya, siyo yeye peke yake.

Keki kwanza. Niliagiza kilo moja na nusu, nusu vanila nusu chokleti, ya birthday ya mwanangu. Jamani ile keki ilikuwa laini mpaka siku ya pili ikitoka kwenye friji bado haijakauka, krimu haina ule utamu wa kukereketa koo, na uzito ulikuwa wenyewe kabisa maana mama mkwe alipima kwenye mizani ya jikoni mbele za watu (yule mama hana dogo). Jina la mtoto limeandikwa bila kukosewa, mtu ambaye jina lake lina h katikati ananielewa. Nyota tano, sina neno.

Sasa kuifikia hiyo keki ndiyo shughuli. Nilimuona kwa tangazo la kulipia Instagram, kaibusti posti, yaani hela yake imetoka. Naingia kwenye komenti nakuta watu wanauliza "kilo moja shingapi?", "mnapatikana wapi?", "mnaleta Tabata?", na chini ya kila mmoja kajibu "njoo inboksi mpendwa". Wote hao! Mtu kalipia tangazo ili watu waje waulize bei, halafu bei kaificha. Najua sababu yao, wanaogopa washindani wataiona, ila mshindani akiitaka bei yako si anatumia tu akaunti ya mdogo wake, dakika mbili anayo, anayebaki hajui ni mteja mwenye hela mkononi. Na kama bei inategemea dizaini, andika basi "kilo moja ya krimu kuanzia elfu kadhaa, fondanti inaongezeka", mtu ajipime mwenyewe kabla hajakusumbua.

Mimi nikaenda huko inboksi, nikaandika kila kitu, kilo, ladha, tarehe, mahali, jina la mtoto. Kesho yake jioni najibiwa "karibu mpendwa, unahitaji keki?" Aisee. Namba ya WhatsApp iliyoko kwenye bio nayo haipo hewani, ya kweli nilikuja kuipata kwenye picha moja ya zamani, imeandikwa juu ya boksi la keki, nikazumu nikaisoma. Hapo ndipo nikajua ni mtu mchangamfu kabisa, ukimpigia anapokea na anakuelekeza vizuri, yaani yeye na peji yake ni kama watu wawili tofauti.

Mahali kaandika "Dar es Salaam". Dar ipi? Keki siyo nguo, keki ya krimu ikitoka Kigamboni mchana wa Januari mpaka Tabata kwa bodaboda itafika ni supu, na kweli yuko Kigamboni, ikabidi bajaji, na tozo ya darajani ikaingia kwenye hesabu, hela ya usafiri nikatajiwa usiku wa kuamkia sherehe wakati kapsheni inasema "free delivery". Baadaye akafafanua kuwa bure ni kwa Kigamboni tu. Sasa si uandike hivyo dada yangu! Wengine wanasema napikia nyumbani, sitaki watu wajue kwangu, na hilo ni la msingi kabisa kwa mwanamke anayeishi na watoto, lakini wasifu wa biashara wa Google ni bure na unaruhusu kuficha anwani ukaonyesha maeneo unayohudumia tu. Mtu wa Kigamboni akitafuta keki jirani na kwake angekukuta bila wewe kulipia hata mia.

Picha nazo. Nusu ya peji ni keki za watu wa nje, moja ina alama ya mpishi mwingine pembeni na hakuikata hata! Niliyoichagua ilikuwa na blueberi juu, ikaja na zabibu. Sikugomba, zabibu zilikuwa nzuri, ila mwingine angeomba arudishiwe hela na angekuwa na haki. Halafu cha kushangaza, niliipiga keki yangu picha kwa simu, iko juu ya meza ya plastiki na mkono wa mtoto unachungulia kutaka kudokoa, nikaweka statasi, watu wakaniuliza umeitoa wapi. Ile picha kwake haipo mpaka leo, na nilimtumia.

Folowazi anao maelfu, laiki kumi na kitu, nikifungua hao folowazi naona majina na picha za watu wa mbali huko ambao hawatakula keki ya Kigamboni maisha yao yote. Kama ni wa kununua basi hasara inarudi mara mbili, kwa sababu ukibusti ukaacha Instagram ichague watu yenyewe inatafuta wanaofanana na folowazi wako, kwa hiyo unalipia tangazo liende kwa ndugu zao wale. Chagua mji mwenyewe, na kwenye lengo la tangazo weka watu wakutumie ujumbe, siyo kuja kutembelea peji tu.

Kilichoniudhi hasa ni baada ya kununua. Usiku nimelala naamka niko kwenye grupu la WhatsApp la "wateja wetu", namba yangu inaonekana na kila mtu, asubuhi kuna kaka ananisalimia "mambo mrembo". Hiyo hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwenye matangazo. Angetumia orodha ya brodikasti ya WhatsApp, kila mtu anapata ujumbe peke yake, namba hazionekani, na inawafikia wale waliomsevu tu, yaani wanaomtaka. Nikamwambia, akaniomba radhi akanitoa, ila grupu lipo bado.

Mnaomjua na mnataka kuagiza: msisumbuke na inboksi, mpigieni kabla ya saa sita mchana, bei ya usafiri ulizeni kabla hamjalipa advansi, na picha mkituma mwambieni awatajie kipi hana. Keki ya ndimu sijaijaribu, wanasema ndiyo kali zaidi.