Mashine ya kaseti au kisanduku cha dijitali? Nimerekodi kwa vyote viwili

Miaka sita nilirekodi nyumbani kwa mashine ya kaseti ya njia nne, yaani inayorekodi sauti nne kando kando kwenye mkanda mmoja. Mwaka jana nikanunua kisanduku cha dijitali cha maiki mbili, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Vyote bado viko mezani kwangu.

Kilichonifunza tofauti yake ni taa nyekundu. Mkanda una mvumo wake, ule "shhh" usioisha, kwa hiyo ukirekodi kwa sauti ya chini, mvumo huo unameza kila kitu. Nilizoea kupandisha sauti mpaka sindano za kipimo ziguse nyekundu. Mkanda ukizidiwa kidogo huwa unalainisha vilele vya sauti, na ngoma inanenepa vizuri sana.

Tabia hiyohiyo nikaipeleka kwenye dijitali. Mdogo wangu alikuja kuimba, akafika kwenye kiitikio, taa ikawaka nyekundu, nikaiacha. Tuliposikiliza, kila "aaa" ndefu ilikuwa na mkwaruzo. "Kaka, mbona nakwaruza?" Alikuwa ameimba vizuri kuliko siku zote, na alfajiri alikuwa anasafiri. Inaniuma hadi leo. Kwenye dijitali, desibeli sifuri ndiyo dari: kilele kinachozidi hapo kinakatwa. Sasa naviacha vilele karibu na desibeli -12. Kwa biti 24, yaani undani wa kila kipimo cha sauti, nafasi chini ya dari ni pana, hakuna mvumo wa kuuogopa.

Kwa sauti ya mtu na gitaa kavu, nachagua dijitali bila kusita. Mwanzoni sauti yangu ilinifikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ilikuwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1024, ambazo kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21 kabla sauti haijaanza hata kurudi. Nikaishusha hadi 128, kero ikaisha.

Kaseti inataka kutunzwa. Tangu Portastudio ya kwanza ya mwaka 1979, mashine ya kaseti ya njia nne kama hii, ujanja wake ni kukimbiza mkanda kwa kasi maradufu na kutumia njia zote nne kwa mwelekeo mmoja, bila kugeuza kaseti. Yangu iko hivyo pia, ndiyo maana kaseti ya dakika 60 inanipa 15 tu. Nasafisha hedi, kile kichwa kinachogusa mkanda, kwa pamba na spiriti, na pamba hutoka ya kahawia. Mpira wa mota ulipolegea, gitaa lote likawa linayumba, na fundi wa kuugusa nilimtafuta miezi miwili.

Siiuzi lakini. Ngoma na besi bado nazipitisha humo kwanza, halafu nazirudisha kwenye kompyuta.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua dijitali. Ukiipenda kaseti kwa dhati, usilipe kabla ya kujaribu: rekodi noti moja ndefu ya kinanda kwenye kila njia kati ya zile nne, kisha sikiliza. Noti ikiyumba, au njia moja ikiwa kimya, mrudishie mwenyewe mashine yake.