Ushauri wa taarifa binafsi kwa nyumba ya wageni: ukaguzi mzuri, nyaraka dhaifu

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wameongezeka washauri wanaowasaidia wafanyabiashara kuitekeleza. Sisi tunaoendesha nyumba ya wageni Morogoro tulichukua kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, ikague shughuli zetu na kutuandalia nyaraka.

Ukaguzi ulistahili malipo yake yote. Mshauri alisimama mapokezi asubuhi nzima akitazama wageni wakiandikishwa, kisha akafungua daftari letu, lenye safu za jina, kabila, kazi, atokako mgeni, aendako na namba ya simu, akatuonyesha kwamba kila anayeshika kalamu husoma habari za waliomtangulia. Kabila, alieleza, ni miongoni mwa taarifa nyeti ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Nasi hatukuweza kumwambia tunaitumia kwa kazi gani. Safu hiyo tumeifuta, na sasa kila mgeni hujaza karatasi yake, ambayo hufungiwa kabatini. Aligundua pia kwamba vijana wa zamu walikuwa wakipiga picha vitambulisho vya wageni kwa simu zao na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Jambo hili lilinisikitisha kuliko yote, kwani haifai kabisa kitambulisho cha mtu aliyelala kwetu usiku mmoja kiendelee kukaa katika simu ya kijana aliyekwisha kuacha kazi.

Nyaraka ni habari nyingine. Sera ya faragha, yaani hati ya kumweleza mgeni jinsi tunavyotunza na kutumia taarifa zake, ililetwa kwa Kiingereza, imejaa vifungu vya kanuni za Umoja wa Ulaya, na ikamwelekeza mgeni mwenye malalamiko kwa mamlaka ya Ireland badala ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria hii hapa Tanzania. Tulipoirudisha, walibadilisha jina la mamlaka tu. Kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria yaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 5, hivyo hati ya kunakili si kinga. Tuliandika wenyewe ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuubandika mapokezi.

Usajili wetu kwenye Tume, kama wakusanyaji wa taarifa za watu, waliutoza ada ya pekee, ingawa maombi hufanywa kwenye mfumo wa Tume mtandaoni.

Ningewaita tena kwa ukaguzi peke yake. Kwa sera, ningetaka mkataba useme kuwa itaandikwa kwa Kiswahili, kwa kufuata sheria yetu, kabla ya malipo ya mwisho.