Karedio ka sola kenye Biblia ya sauti, nilikomnunulia mama pale Mwanjelwa, Mbeya: kanafaa au ni hela ya kutupa?

Naanza na bei maana najua ndo mnachotafuta. Redio yenyewe elfu 35 baada ya kupatana sana (alianzia 45), memori kadi ya GB 16 elfu 12, na kazi ya kuingiza Biblia nzima elfu 5, jumla 52,000. Brand sitaji kwasababu kila kibanda kina jina lake la Kichina na ndani ni kitu kilekile.

Kenyewe ni kadogo, kanaenea kiganjani, kana antena ya kuvuta, tochi pembeni, sehemu ya flash na ya memori kadi, vitufe vya namba kuanzia 0 mpaka 9, kaskrini kanakoonyesha namba ya faili kwa taa nyekundu, afu mgongoni kapaneli ka sola. Betri ni ile BL-5C ya Nokia za tochi, hili ni jambo la maana sana kwa mtu wa kijijini kwasababu ikichoka unaipata duka lolote hata huko ndani ndani.

Nilimnunulia mama, yuko Rungwe, kijijini kabisa juu ya Tukuyu. Tangu baba afariki anakaa na mjukuu mmoja tu, macho yamekua hafifu, Biblia yake ya Union Version ile ya jalada jeusi anaishika tu anaiweka mapajani lakini kusoma hawezi tena, miwani tumebadilisha mpaka tumechoka. Kanisani anaenda akiweza, ila kilima cha kule na utelezi wa mvua si wa mtu wa umri wake, kwahiyo kuna Jumapili nyingi anabaki nyumbani anasikia kengele tu. Mchungaji na wazee wa kanisa wanamtembelea, siwezi kuwalaumu, lakini siku ina masaa mengi jamani na usiku wa mjane ni mrefu kuliko huo mchana.

Sasa hapa niseme kitu kuhusu huduma ya yule kijana aliyeniingizia Biblia kwenye kadi, maana yeye ndo anastahili sifa kuliko hata redio. Mimi nilitaka tu anikopie fasta nikawahi gari la Tukuyu. Akaniambia, "Dada angu subiri kidogo, nikikutupia hivi hivi mama atachanganyikiwa." Kumbe hizi redio zinapanga faili kijinga, kama faili hazina sifuri mbele inasoma Mwanzo 1, inarukia Mwanzo 10, 11, 12, ndo baadae sana irudi Mwanzo 2, yani Sodoma inachomwa moto kabla Adamu hajala tunda. Kijana akakaa kwenye kompyuta akazipa sura zote namba moja mfululizo, Mwanzo 1 ni 0001 mpaka Ufunuo 22 ni 1189, maana Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Kwahiyo unabonyeza namba inaenda moja kwa moja. Zaburi 1 ni 479. Zaburi ya 23 ni 501. Maombolezo 3 imeangukia 800 kamili, rahisi kukumbuka. Afu akaniandikia kwa kalamu ya maka kwenye kipande cha boksi, namba kubwa kubwa, mwanzo wa kila kitabu. Elfu 5 kwa kazi ile ni bure kabisa. (Ndugu zangu Wakatoliki, mkitaka yenye vitabu 73 ulizeni kwanza, na namba zitakua tofauti na hizi zangu.)

Mama saizi anajua namba kuliko mimi. Ukimpigia asubuhi unasikia kwa nyuma sauti inasoma, ukimuuliza uko wapi leo anakwambia "niko mia saba na kumi", we kaa hapo upige hesabu mwenyewe. Na mjukuu wake akichelewa kulala anaambiwa haya niwekee mia tano na moja tulale.

Nlichokua sijategemea ni sura zipi zingemshika. Mi nilidhani atakua anarudia zile za faraja tunazozijua wote, za mchungaji wangu na za nitayainua macho yangu niitazame milima, na kweli anazirudia. Lakini aliyokua anaiomba sana kipindi kile baada ya msiba ni 566, Zaburi ya 88. Kaisome uone. Ile haina shangwe, mtu analia toka mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani, hakuna hata "lakini Bwana ataniokoa" pale mwishoni. Nikamwambia mama, hiyo si inakuongezea huzuni? Akanijibu, "Mwanangu, mbona huyu naye analia na bado wamemweka kwenye Biblia." Basi. Mimi nimekaa kanisani miaka yote sijawahi kusikia mtu anahubiri Zaburi 88, tunahubiriwa upenyo, tunahubiriwa mwaka wa kuvuka, na mjane anarudi nyumbani anajiona imani yake ndogo kwasababu bado analia. Karedio hakachagui sura za kufurahisha watu. Ukikaacha kanasoma yote, malalamiko ya Ayubu sura kwa sura, Yeremia anailaani siku aliyozaliwa, afu mbele huko unakutana na zile rehema ambazo ni mpya kila siku asubuhi, na unaziamini zaidi kwasababu umeshasikia kilio kilichotangulia.

Kingine ni ile 906, Habakuki 3. Msimu uliopita mvua ya mawe ilipiga parachichi zikiwa changa, zikapukutika, na zile zilizobaki wanunuzi wakaziita rijekti, mnajua bei ya rijekti. Mama alikua ameshapiga mahesabu ya bati za jiko kwa hela ile. Sasa redio ikafika Habakuki, nabii anasema mtini usichanue, mzabibu usizae, mzeituni uwe kazi bure, shamba lisitoe chakula, zizini kusiwe na kitu, hata hivyo atamfurahia Bwana. Mama akasema huyu alikua mkulima huyu, hawezi kuyajua haya yote akiwa mtu wa mjini. Sijui kama Habakuki alilima kweli, lakini mama aliisikiliza mara nyingi na wiki ileile akaenda kukata matawi yaliyovunjika na kuweka samadi kwenye mashina. Bati hazijanunuliwa mpaka leo. Jiko bado linavuja kona ile ya kuku. Nasema hivi ili mtu asije akadhani nauza miujiza hapa.

Tuje kwenye ubovu.

Sola ni pambo. Labda huko Usangu kwenye jua lao inafanya kazi, ila Tukuyu inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ukungu mpaka saa tano asubuhi, utaianika hiyo redio mpaka uchoke na ka-taa ka chaji kanawaka kwa kukuonea huruma tu. Tumia waya, umeme ukikatika chaji kwenye sola ya jirani yenye paneli ya maana. Ikijaa vizuri kwa mama inafika siku nzima kama hazidishi sauti.

Sauti nayo, ukivuka robo tatu inakwaruza, hasa kwenye nyimbo za kwaya zenye besi. Kwa kusoma Biblia ni sawa kabisa. Hapo ntatoa ushauri, kuna aina mbili za Biblia ya sauti, ile ya kuigizwa yenye sauti za watu wengi na muziki nyuma na milio ya upepo na bahari, na ile ya msomaji mmoja. Ya kuigiza inavutia vijana na watoto, kwa mzee ambaye na masikio nayo yameanza kuchoka chukua ya msomaji mmoja, muziki unafunika maneno na kwa spika ya saizi hii unafunika zaidi.

Na tafadhali msinunue zile memori kadi zilizojazwa tayari zinazouzwa barabarani. Jirani yetu alichukua moja, imeandikwa kabisa kwa nje Biblia na Tenzi, wakaiwasha jioni kwenye maombi ya mtaa, ikasoma Zaburi vizuri sana, watu wamefumba macho, Zaburi ikaisha ikaingia bongo fleva ya kukata mauno. Mzee aliyekua anaongoza anatafuta kitufe cha kuzima hakioni, mwishoni kakatoa betri. Watoto walicheka wiki nzima. Aliyeuza hata sura hakumbukwi.

Kuna mtu ataniuliza kwanini nisimnunulie simu janja awe anaangalia mahubiri. Bando. Afu kingine, hayo mahubiri ya kwenye simu yanakuletea yenyewe lingine na lingine, ukianza na neno la faraja saa moja unajikuta saa tatu unaangalia mtu anauza maji ya upako. Mi mwenyewe niko Uyole nauza mchele, na mwaka jana nimepita kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mpaka nikawa naogopa simu ikiita, na kwenye kipindi kile mahubiri ya kelele yalikua yananichosha zaidi, kila mtu ananiambia nipande mbegu, yani nitoe sadaka, na mbegu yenyewe sina. Kilichonisaidia ilikua kumpigia mama asubuhi kabla sijafungua genge, hatuongei sana, ananiwekea simu karibu na redio nasikia sura moja, nakata, naenda kazini. Deni nimelipa kidogo kidogo kwa mchele, hakuna aliyenitokea na bahasha. Lakini nilikua naamka, na kipindi kile kuamka tu ilikua kazi.

Kingine ambacho hakijaandikwa kwenye boksi, jioni kuna wamama wawili watatu wanakuja kukaa jikoni kwa mama na viazi vyao wanamenya huku wanasikiliza. Mmoja hajui kusoma kabisa, alikua anategemea kile anachosomewa kanisani. Saizi wako kwenye Matendo ya Mitume na wanabishana kwelikweli kuhusu Paulo na Barnaba nani alikua na makosa. Wakimaliza kusikiliza wanaimba nyimbo zao za Kinyakyusa, redio imezimwa, ndaga (asante), kila mtu anaenda kwake. Ukisikiliza sura 4 kwa siku unamaliza Biblia nzima ndani ya mwaka na siku zinabaki, wao wanaenda polepole zaidi kwasababu ya hayo mabishano.

Kwa ujumla redio naipa 7 kwa 10, sola imeninyima moja nzima. Kijana wa kuingiza nampa 10. Vibanda viko vingi pale njia ya kuingilia soko la Mwanjelwa na wengine upande wa Kabwe, ukienda muulize kwanza kama anapanga namba, akikushangaa nenda kibanda kingine. Na kabla hujatoa hela mwambie abonyeze 479, ije Zaburi ya 1, afu abonyeze 1189. Ikisoma Ufunuo 22 lipa. Ikigoma ujue kadi imekatikia njiani, nimeona nyingi zinaishia Danieli.