Mapitio ya sortedcontainers: orodha ya Python inayojipanga yenyewe

Python ina sort() na sorted(), lakini zote mbili hupanga mara moja tu. Ukiongeza kitu kipya baadaye kwa append, kinakaa mkiani hata kama mahali pake ni katikati. Anayetaka orodha iliyopangwa muda wote, huku vitu vikiingia na kutoka, ndani ya Python yenyewe atapata bisect.insort, inayoingiza kitu mahali pake kwenye orodha iliyokwisha kupangwa, na si zaidi ya hapo. Pengo hilo limezibwa na sortedcontainers, maktaba ya Grant Jenks, na imeliziba vizuri mno. Mapitio haya yanahusu toleo 2.4.0 la mwaka 2021.

Kuisakinisha ni mstari mmoja: pip install sortedcontainers. Kifurushi kina takriban kilobaiti 29, hakitegemei maktaba nyingine, na chote kimeandikwa kwa Python tupu. Kwa hiyo hakihitaji kikusanyaji cha C (compiler), kitu ambacho huwakwamisha wengi wanaofanya kazi kwenye kompyuta kuukuu za maabara au kwenye simu yenye Termux, programu ya kuandika amri za Linux kwenye Android. Leseni yake ni Apache 2.0, hivyo hata kazi ya kibiashara inaruhusiwa.

Ubora wake uko ndani, kwenye namna inavyohifadhi vitu. Chukua orodha ya kawaida yenye vitu 1,000,000. insort hupata nafasi upesi sana, kwa kulinganisha mara 20 hivi, lakini kuingiza kitu mwanzoni kunalazimisha vyote vilivyo nyuma yake visogezwe: baiti 8 kwa kila kimoja, yaani megabaiti 8 kwa ajili ya kitu kimoja. sortedcontainers huikata orodha kuwa vijiorodha vya vitu 1,000 hivi, kisha huweka pembeni orodha ya kitu kikubwa kuliko vyote katika kila kijiorodha. Kitu kipya kinapofika, kwanza hutafutwa kijiorodha chake, halafu nafasi ndani yake. Kijiorodha kikizidi vitu 2,000 hugawanywa viwili. Kikipungua hadi chini ya 500 huunganishwa na jirani. Kwa hiyo usogezaji hauvuki kilobaiti 16 hivi, hata orodha nzima iwe kubwa kiasi gani. Hakuna miti ya kusawazisha hapa, na bado inakwenda kasi, kwa sababu kazi nzito inafanywa na orodha za Python zenyewe, ambazo zimeandikwa kwa C.

Matumizi ya kila siku ni mepesi. Unaunda SortedList, yaani orodha ya maktaba hii, unaongeza kwa add, unaondoa kwa remove au discard, unasoma kwa nafasi kama orodha yoyote. Cha kwanza ni [0] na cha mwisho ni [-1]. Njia ya irange ndiyo inayostahili kujifunzwa mapema: ukiwa na SortedList iitwayo bei, bei.irange(2000, 5000) inakupa vyote vilivyo kati ya 2,000 na 5,000, na ukiongeza reverse=True vinakuja kwa kushuka. Usijaribu append, insert wala kuandika bei[3] = 700. Zote hukataliwa kwa NotImplementedError, na ni sawa zikataliwe: nafasi inaamuliwa na thamani, si na mwandishi wa programu. Ukiwa na vitu vingi kwa pamoja, tumia update badala ya kurudia add. Vipya vikifikia robo ya vilivyomo, maktaba huvichanganya vyote na kuvipanga upya kwa mkupuo, jambo ambalo ni la haraka zaidi.

Sasa penye matatizo. Makosa mengi ya watumiaji wa maktaba hii yanatokana na ufunguo, yaani kile kinachotumika kulinganisha.

Tuseme unatunza msimamo wa ligi: alama, kisha tofauti ya mabao, kisha jina. SortedKeyList ni SortedList inayopanga kwa ufunguo unaoutoa wewe.

from sortedcontainers import SortedKeyList

def ufunguo(t):
    return (-t.alama, -t.mabao, t.jina)

msimamo = SortedKeyList(timu, key=ufunguo)

Timu ikishinda, wengi huandika t.alama += 3 wakitarajia ijisogeze. Haitasogea. Maktaba ilihesabu ufunguo siku timu ilipoingia, na haina njia ya kujua kwamba umebadilika. Baadaye ukiita remove, itatafuta mahali pa ufunguo mpya, isiikute, na kutoa ValueError. Ukitumia discard ni hatari zaidi, maana discard hunyamaza: add inayofuata itaingiza timu ileile mara ya pili. Utaratibu sahihi ni mmoja: ondoa kwanza, badilisha, kisha rudisha.

msimamo.remove(t)
t.alama += 3
msimamo.add(t)

Lile jina mwishoni mwa ufunguo lisiachwe. Wengine huhifadhi jozi kama (alama, timu) kwenye SortedList ya kawaida. Programu inakwenda vizuri mpaka siku timu mbili zilingane alama; hapo Python inalazimika kulinganisha timu zenyewe, haijui namna ya kuzilinganisha, na inatoa TypeError. Ni kosa baya kwa sababu data ya majaribio mara nyingi haina sare. Weka jina au namba ya usajili katikati, yaani (alama, jina, timu).

SortedDict, kamusi ya maktaba hii, nayo ina mtego wake: hupanga kwa ufunguo wa kamusi, kamwe si kwa thamani. Kamusi ya jina na alama itapangwa kwa majina, basi. Kumbuka pia kwamba popitem() huondoa ya mwisho. Ukitaka ya kwanza andika popitem(0), na ukitaka kuitazama tu bila kuitoa, peekitem(0).

Anayepanga maneno ya Kiswahili aangalie mambo mawili. Herufi kubwa hutangulia ndogo, hivyo "Zuhura" atakaa kabla ya "amina" usipotumia key=str.casefold. La pili ni ritifaa. Ritifaa iliyonyooka hutangulia herufi zote, ile iliyopinda ambayo simu nyingi huweka zenyewe hufuata baada ya z. Matokeo yake "ng'ombe" mmoja atakaa kabla ya "ngano" na mwingine atasukumwa nyuma ya "nguo". Badilisha ritifaa zote ziwe za aina moja ndani ya ufunguo, kisha ongeza maneno.

Namba zilizosomwa kutoka kwenye faili zigeuzwe kuwa namba kwanza, la sivyo "100" itatangulia "20". Na nan (thamani ya desimali inayomaanisha "si namba") isiingie kabisa: kila ulinganisho wa kubwa, ndogo au sawa nayo huwa si kweli, mpangilio huharibika, na hakuna kosa linalotolewa. Ichuje kwa math.isnan kabla ya add. Vilevile usiongeze wala kuondoa kitu ukiwa katikati ya kuipitia orodha hiyohiyo kwa for. Pitia nakala, list(msimamo).

Ukishuku kwamba orodha imevurugika, ita msimamo._check() ndani ya majaribio. Hukagua mpangilio na vijiorodha vyote, na husimamisha programu ikikuta kasoro. Ni njia ya ndani na inapitia kila kitu, kwa hiyo isibaki kwenye programu inayotumika.

Upungufu wake mmoja unaoudhi ni kwamba haina maelezo ya aina za data ndani yake; anayetumia mypy, kikaguzi cha aina za data, itambidi asakinishe sortedcontainers-stubs kando.

Si kila kazi inaihitaji. Kama data yote inaingia kwanza na kusomwa baadaye, sort() moja inatosha na inakwenda kasi zaidi. Kama unachotaka kila mara ni kidogo kuliko vyote tu, mfano foleni ya kazi kwa kipaumbele, heapq imo ndani ya Python tayari. sortedcontainers ni ya pale unapoingiza, unapoondoa na unapouliza nafasi au masafa kwa zamu, mamia ya mara kwa dakika, na kila jibu linatakiwa liwe sahihi palepale.